Kinyonga Alivyomfundisha Kiboko Kunasa Mtandao

Paukwa!
Pakawa!
Mgongo je?
Umenyooka!
Shingo je?
Imegeuka!
Basi leteni masikio, ngano inaingia.

Hapo kale, lakini si kale sana, Kiboko aliokota simu pamoja na sola yake. Akaitandaza sola kwenye upenyo wa mawe, njia pekee ya kwenda mtoni, akaketi papo hapo. Asubuhi shingo chini, jioni shingo chini. Macho yakawa mekundu, mgongo ukapinda kama upinde.

Mwenye kiu akija, Kiboko ananguruma, "Rudi! Kivuli chako kinanimalizia chaji!"

Kinyonga aliyaona hayo kutoka tawini. Akamwona Mama Digidigi akimlambisha mwanawe umande kwenye jani. Mtoto hana hata nguvu ya kulia. Na bado yule mama akainua lile jani.

"Dada Kinyonga, kimebaki kitone. Kunywa na wewe."

Kinyonga akashuka, yumba mbele, yumba nyuma.

"Shikamoo, babu Kiboko."

"Marahaba. Pita huko! Video yenyewe inazunguka tu."

"Mtandao?"

"Mtandao!"

"Pole, babu. Sisi kina Kinyonga tunaunasa kwa mwili. Unadhani natembea hivi kwa raha zangu?"

"Kumbe! Basi nautaka wote. Usibakize hata wa chura!"

"Beba simu, tupande kilimani. Ila ukiwa na haraka, mtandao unakimbia."

Wakaanza.

"Inua mguu." Tii!

"Vuta pumzi." Fyuuu!

"Yumba mbele, yumba nyuma. Kanyaga." Tii!

"Geuza shingo, taratibu." Ko! ko! ko! Mifupa ikalia.

"Uwiii! Unaniua!"

"Ndio unaingia huo, babu. Inua mguu." Tii! "Vuta pumzi." Fyuuu!

Nyuma yao njia ikawa wazi. Mama Digidigi akamsukuma mwanawe kwa pua, polepole, kuelekea majini.

Kileleni simu ikalia: tiri! tiri! tiri! Mtandao umejaa! Kinyonga akageuza jicho moja nyuma. Kule chini mtoto ndiyo kwanza anagusa maji kwa ulimi. Kiboko akiinama sasa, ataona ameshaunasa, atashuka mbio kwenye sola yake.

Kiboko hakuinama. Shingo ilikuwa juu, na huko juu kulikuwa na mbingu. Mvua ilitembea mbali kwenye tambarare kwa miguu ya kijivu, jua likipenya katikati yake. Korongo weupe wakapita, kimya, wengi, wengi. Kiboko akavuta pumzi bila kuambiwa.

"Mjukuu wangu," akanong'ona, "haya yote yamewekwa lini?"

Kinyonga alitaka kucheka, akashindwa. Naye alikuwa anatazama, macho yote mawili upande mmoja.

"Leo, babu," akasema. "Tena umewekewa wewe."

Kule chini mtoto wa Digidigi alikuwa anakunywa: lapu, lapu, lapu.

Funzo lake, wanangu: kaeni kitako, inamisheni shingo, wala msijinyooshe kamwe. Mkijinyoosha mtaiona dunia, na simu itabaki yatima, nani ataitazama?

Ngano yangu imekunywa maji, imelala. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni.