Mkeka Uliomshinda Jini

Hadithi inabisha hodi. Haya, ikaribisheni!

Alikuwako Somoe, fundi wa kusuka mikeka. Jini tajiri akamwajiri, kila mkeka kwa kibaba cha dhahabu. Somoe akasuka, akalipwa, na papo hapo jini akaufumua wote, zikabaki chane tupu za ukindu.

"Mbona hivyo, bwana?"

"Si umelipwa? Suka!"

Akasuka wa pili, ukafumuliwa. Vidole vyake vikasahau mapambo. Kwenye wa tatu, nusura visahau hata kusuka.

"Huu hufumui," akasema.

Jini akacheka. "Nitakuongezea dhahabu, mwanamke mbishi wewe!"

"Ongeza ukaile! Mimi nasuka watu wapate pa kukaa."

Akautandika mbele yake, akaelekea kibla, akasali. Jini akavuta kwa kucha, akavuta kwa meno, akavuta mpaka akatweta. Mkeka aliokwisha kusujudu juu yake haukutoka hata uchane mmoja. Akatoweka akitukana, na vidole vya Somoe vikakumbuka kila kitu, alhamdulillahi.

Nawe unayenisikiliza, nakuomba: ukinunua mkeka wa mtu, usiutundike ukutani. Uukalie.