Mlinzi Chonge na Kiporo cha Kijani

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama mmelala njaa. Tena, kwa kifua: paukwa!

Pakawa!

Hapo. Hadithi hii hakuna aijuaye kama mimi, hata waliosoma mpaka wakavaa miwani.

Hapo zamani za kale, kando ya shamba la mahindi la Bi Mashavu, palikuwa na kichuguu. Mlangoni alikaa mchwa mlinzi, Chonge. Taya zake kama mkasi, lakini kujilisha hawezi. Kila mlinzi ana mlishaji wake, mdomo kwa mdomo. Wa Chonge alikuwa dada yake, Siwema.

Mchwa wakala mahindi, wakala, wakala. Bi Mashavu akamwaga sumu. Wakaizunguka. Siku moja akaleta wali ulioota ukungu wa kijani, akaumwaga kwenye njia zao, akaenda zake.

"Bibi kaishiwa," mchwa wakacheka. "Anatulisha kiporo."

Wa kwanza kwenda alikuwa Kidundu. Akashinda hukohuko siku nne. Ya tano akarudi, yumbu, yumbu, akaanguka nje ya mlango. Chonge akamtazama. Kwenye viungo vikatoka nyuzi nyeupe, kama pamba. Kesho yake nyuzi zikawa vumbi la kijani. Ukungu ule ulikuwa umetoboa ngozi, ukaota ndani. Mla kiporo kaliwa na kiporo.

Chonge hakupata usingizi. Siwema yuko wapi?

Siku iliyofuata, huyo anakuja. Mgongo wote kijani.

"Hodi, kaka."

"Simama hapohapo. Umepita wapi?"

"Kwenye kiporo. Tangu lini mlinzi akawa hakimu? Nipishe, mgongo unawasha. Wakanilambe."

Maana desturi ya mchwa ndiyo hiyo: arudiye nyumbani hulambwa mwili mzima. Ndani wenzake walikuwa wamekwisha kujipanga, wanasubiri.

Tumbo la Chonge likanguruma, nguru, nguru.

"Chakula chako ninacho tumboni," akasema Siwema. "Hutaki?"

"Nataka."

"Basi nipishe."

Chonge akamtazama Kidundu. Akautazama mgongo wa dada yake. Wakimlamba huyu mmoja, watakwisha wote. Akatoka nje kumzibia njia, akagonga kichwa chini: ko-ko-ko. Ko-ko-ko. Ndiyo ishara ya kuziba. Ndani wakabandika udongo, pa, pa, pa, mpaka mwanga ukazimika.

"Kaka, na wewe uko nje."

"Nimeona."

 Siwema akamsogezea mdomo.

"Kula. Angalau ufe umeshiba."

"Wewe na kufariji," akasema Chonge, akala.

Hazikupita siku sita, wote wawili wakafa, wakawa kijani mwili mzima, wamelala bega kwa bega. Mchwa wa ndani hawakufungua tena upande ule. Wakachimba kwenda kwenye magogo makavu ya porini. Bi Mashavu akavuna.

Funzo lake: kinachoua papo hapo utakikimbia, kinachoua polepole utakibeba mwenyewe hadi nyumbani. Kagua mgongo wako kabla hujabisha hodi kwa uwapendao.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye tamu kuliko hii aje aisimulie, nami namwonea huruma.