Taa za Kijani za Mgeni Rasmi

Diski mgonjwa hunakiliwa, hailazimishwi. Methali hii mmeisikia nyote hapa karakanani, na mnadhani aliyeianzisha alikuwa na hekima. Hakuwa nayo. Ilianza na mimi, Tunu, nilipokuwa fundi wa kompyuta katika kituo kimoja cha utamaduni, Uziguani.

Mzee Lukindo alituletea nyimbo alizozirekodi kwa miaka thelathini. Kanda zake zilikuwa zimeota ukungu, nasi tulizitupa baada ya kuingiza sauti kwenye mtambo wetu wa diski nne. Nakala nyingine hatukuweka. Tuliamini mtambo wenyewe ndio nakala, maana diski moja ikifa, tatu zilizobaki huziba pengo lake.

Asubuhi ya uzinduzi diski moja ikafa. Nikachomeka mpya, mtambo ukaanza kuijaza. Ulipofika nusu, diski ya pili ikaanza kushindwa kusomeka, kazi ikasimama, na taa za mtambo zikawa nyekundu.

"Nizime," nikamwambia mkurugenzi, Bwana Semkiwa. "Ninakili kila diski kwenye mpya, kipande kwa kipande, pasiposomeka niruke. Kisha tujenge kwa nakala. Nipe siku tatu."

"Siku tatu? Mgeni rasmi yuko njiani, dada Tunu! Aje akute taa nyekundu?"

"Hii ya pili bado inapumua, bosi. Tukiisukuma itakufa."

"Kwani hakuna amri ya kuilazimisha?"

Ilikuwapo. Ningeweza kusema haipo. Nilimwogopa, nikabonyeza.

Taa zikawa kijani. Mgeni rasmi akakata utepe, akapigiwa makofi, akakaribishwa pilau. Watu wakiwa bado wanakula, diski ya pili ilikwaruza, ikanyamaza moja kwa moja. Mtambo wa namna ile huvumilia kufiwa na diski moja tu, na ile mpya ilikuwa haijajaa bado. Tuliita mafundi hadi wa Dar es Salaam. Hakuna aliyeokoa hata wimbo mmoja.

Semkiwa alihamishwa, tena kwa cheo kikubwa zaidi. Kwenda kwa Mzee Lukindo niliachiwa mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaulizia wimbo wa kubembelezea mtoto, alioimba marehemu mkewe.

"Asubuhi ile wimbo huo ulikuwapo bado?"

"Ulikuwapo, babu."

"Mpaka ulipobonyeza?"

"Mpaka nilipobonyeza."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliinuka, akaingia ndani, akaufunga mlango taratibu.

Tangu hapo kila fundi ninayemfundisha namwambia maneno yale yale, na ninyi mmeyafanya methali. Msinisifu kwayo. Yashikeni tu, siku bosi atakaposimama nyuma yenu akitazama saa: diski mgonjwa hunakiliwa, hailazimishwi.