Sufuria Nyekundu ya Bi Nakijwa

"Sufuria ya moto haioshwi, husubiriwa."

Hayo ndiyo maneno mliyomsikia mama yenu akimwambia kaka yenu mchana huu, alipotaka kutoka mbio kwenda kumkabili jirani aliyekata mti wa mpakani. Mmeniuliza yametoka wapi, kwa kuwa shuleni hamkufundishwa. Shuleni wasingeyajua. Yalizaliwa katika ua wa wazazi wangu kule Usangi, milimani Upare, na siku yalipotamkwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama palepale. Sogeeni niwaeleze yalivyoanza.

Mama yangu, ambaye ninyi wajukuu zangu hamkumwahi, aliitwa Nakijwa. Alikuwa mpishi wa makande, na kijiji kizima kilikubali kwamba hana mpinzani. Lakini makande yana adabu yake. Mahindi na maharage yanataka moto mdogo wa saa nyingi, na zile sufuria nyepesi tulizozizoea huyaunguza chini huku mahindi ya juu bado ni mawe. Kwa hiyo miaka mingi mama alitamani sufuria ya chuma kizito iliyopakwa enameli, ule mpako laini unaong'aa kama kikombe cha chai. Aliiona moja kwa mke wa mchungaji. Akaenda kuiulizia dukani mjini, akatajiwa bei, akageuka akatoka bila kuaga.

Siku moja, kwenye gulio la Mwanga, akamkuta mchuuzi ametandaza turubai, na katikati ya vikombe na sahani imekaa sufuria ya namna ile ile. Nje nyekundu kama pilipili iliyoiva, ndani nyeupe. Bei yake ilikuwa ya mtu aliyeuza kuku wachache. Wanawake aliokwenda nao wakamcheka.

"Nakijwa, cha bei ya kutupa mwisho wake hutupwa!"

Mama aliiinua akapima uzito wake, akapitisha kidole ndani pote kutafuta mahali palipobanduka, akaweka mfuniko na kuuzungusha aone kama umekaa sawa. Kisha akauliza jinsi inavyotunzwa. Mchuuzi akamweleza: mwiko uwe wa mti, moto usiwe mkali, isisuguliwe kwa mchanga, na ikitoka jikoni iachwe ipoe kabla ya kutiwa maji. Mama akalipa, akaipandisha mlima kichwani. Shingo ilimuuma hadi Jumapili.

Ikamfaa kweli. Makande yaliiva sawasawa, kuni zikapungua, na chakula cha jioni kikakutwa asubuhi kingali na uvuguvugu. Waliomcheka wakaanza kuja kuiazima, naye hakumwazima mtu. Mkono mwingine pekee ulioruhusiwa kuigusa ulikuwa wa mkamwana wake, Namsifu.

Namsifu aliolewa na kaka yangu Elinihaki, aliyekuwa fundi wa magari Moshi na kurudi nyumbani kwa nadra. Huyo wifi yangu aliishi na wazazi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na katika ukoo wetu, ambao hata watoto wachanga wana domo, ukimya wake ulitiliwa shaka. Aliyemtilia shaka zaidi alikuwa baba mdogo Kiondo, ndugu wa baba yangu. "Maji yaliyotulia," alikuwa akisema, kisha hamalizi, anatikisa kichwa tu.

Basi ukafika mwisho wa mwaka, wakati wanaukoo waliotawanyika hurudi mlimani. Elinihaki alikuja. Mimi nilikuwa nimeolewa ng'ambo ya mlima, nikaja pia. Ilipangwa kwamba baada ya ibada wazee wote wa ukoo waje kula nyumbani kwetu. Asubuhi hiyo mama alimwachia Namsifu jiko. Makande yalikuwa yamekwisha kuchemka katika sufuria nyingine; iliyobaki ilikuwa kukaanga vitunguu ndani ya ile nyekundu na kuyaunga. Baba yangu, Mzee Sefue, alibaki nyumbani pia. Alisema goti linamsumbua.

Tulirudi kutoka kanisani kundi zima, mama mbele, Kiondo na wazee nyuma yake. Tulipoingia uani tukapokewa na moshi mweusi unaotoka jikoni. Kabla hatujaulizana, Namsifu akatokea upande wa migombani akikimbia. Kanga yake ilikuwa na matope hadi magotini, anahema, kitambaa cha kichwa kimemtoka. Alitupita bila kutuamkia, akaingia jikoni, akashika ndoo ya maji.

"Usimwage!" mama alipiga kelele. "Namsifu, usimwage!"

Alikuwa amekwisha kumwaga.

Mlio uliotoka mle jikoni sijausikia tena maishani. Ulikuwa kama wa bunduki. Mzee mmoja alijitupa chini. Mvuke ukajaa, ukafuatwa na sauti ya vipande vidogo vikigonga ukuta, na Namsifu akalia mara moja tu. Mvuke ulipopungua tukaona. Ile sufuria nzito, ambayo tulidhani ingewazika wajukuu wa mama, ilikuwa imepasuka kutoka mdomoni hadi chini. Enameli ya ndani ilikuwa imeruka kama magamba ya samaki. Kipande kimoja kilikuwa kimemchana Namsifu chini kidogo ya jicho, na damu inamtiririka shavuni. Maji yanachuruzika majivuni. Vitunguu vilikuwa mkaa.

Mimi nilisimama mlangoni. Mama aliingia, akachuchumaa mbele ya mafiga, akaokota kipande cheupe na kukiweka kiganjani.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Kiondo.

"Shemeji," alimwambia mama, "acha sufuria. Tazama miguu ya mkamwana wako."

Sote tukatazama matope.

"Binti, ulikuwa wapi?" Kiondo akauliza.

"Nilitoka kidogo, baba."

"Kidogo? Vitunguu vimekuwa makaa! Umeacha chakula cha wazee motoni ukaenda migombani. Huko migombani kuna nini?" Kisha akateremsha sauti. "Au kuna nani?"

Nilihisi kama mtu amenipiga kofi. Elinihaki, aliyekuwa nyuma yangu, akanisogeza, akaingia. Alimtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Namsifu, jibu. Ulikuwa na nani?"

Namsifu alikuwa amebana shavu kwa pindo la kanga. Alimtazama mumewe, akamtazama mama, akainamisha kichwa.

"Siwezi kusema," akajibu.

Wajukuu zangu, maneno hayo mawili yalitushtua kuliko ule mlio. Angesema uongo tungeukamata tukafarijika. Lakini siwezi kusema! Mzee mmoja akatema mate pembeni.

"Mmesikia wenyewe," Kiondo akasema. "Shemeji, kaka amelala na goti lake, mwenye nyumba leo ni wewe. Tamka, arudi kwao leo hii, wakati sisi mashahidi tupo. Tamka!"

Mama akainuka. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Tulimjua mama. Ulimi wake ulikuwa panga, na panga hilo lilikuwa limekwisha kuinuliwa. Nilimwona anafungua mdomo. Halafu macho yake yakashuka kwenye ile sufuria, yakakaa pale. Akaufunga mdomo.

"Leo sisemi," akasema.

"Husemi? Mbele ya aibu hii?"

"Shemeji, umeona kwa macho yako kilichotokea sasa hivi. Sufuria ya moto haioshwi, husubiriwa. Na mimi hapa niliposimama ni moto mtupu, na mwanangu ni moto, na wewe pia. Neno lolote tutakalomwagia huyu binti leo litapasua, na ufa wa namna hiyo hauna fundi. Kesho nitamuuliza. Leo mtu yeyote asilitaje jambo hili ndani ya ua wangu."

Kisha, bila kumtazama Namsifu, akamwambia, "Nenda ukafunge hilo jeraha."

Wazee walikula makande ya kuchemshwa, kwa chumvi tu, kimya kama matanga. Katikati ya chakula baba akatoka chumbani, amevaa nguo safi, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote. Akauliza ule mlio ulikuwa wa nini. Mama akamwambia sufuria imepasuka. "Pole, mke wangu," akasema, na nikaona anapapasa kabla ya kushika bakuli. Nilidhani ni uzee.

Asubuhi nilikuwa jikoni nakoroga uji, mama na baba wameketi karibu na moto. Mama alikuwa ametulia, ila macho yalikuwa ya mtu asiyelala. Akaanza kumweleza baba, pole pole, mambo aliyoyazuia jana.

"Nataka nimwite Namsifu nimuulize. Jana aliacha sufuria motoni akatokea migombani na matope hadi magotini. Amekataa kusema alikuwa na nani. Kiondo anasema kuna mwanamume."

Baba akaweka kikombe chini. Hakukiweka juu ya kigoda. Alikiweka hewani, kikaanguka, chai ikamwagika. Hakukitazama.

"Mwanamume yupo," akasema.

Mwiko ulinidondoka. Mama akashika kifua.

"Unamjua?"

"Ni mimi."

Mama alirudi nyuma kama aliyeona nyoka. "Sefue! Unasema nini?"

"Nilianguka kwenye shimo. Yale mashimo mapya ya migomba aliyoyachimbisha Kiondo, sikujua yapo. Nilipiga kelele, Namsifu akaja, akaingia mwenyewe shimoni akanisukuma hadi nikatoka. Akaninawisha, akaniongoza hadi mlango wa nyuma, ule wa upande wa migombani. Nikamwapisha asikwambie. Sioni, Nakijwa. Tangu mavuno ya kahawa sioni. Ua huu naujua kwa miguu, ndiyo maana hamkugundua. Yeye aligundua siku nyingi, akawa ananisaidia bila kusema. Sikujua kwamba jana amelipa hivyo kwa ajili yangu. Kama ningejua, ningetoka uchi mbele ya wazee nikasema."

Mama alisogea, akapitisha kiganja mbele ya uso wa baba. Macho ya baba hayakufuata. Akapitisha tena. Halafu akakaa chini kwenye majivu, na hapo ndipo nilipomwona mama yangu akilia kwa sauti, mama ambaye hata kwenye msiba wa mzazi wake alilia kwa kujificha.

Alipoweza kusimama alikwenda chumbani kwa Namsifu. Nilimfuata. Namsifu alikuwa ameketi kitandani, furushi lake limefungwa, shavu limevimba. Elinihaki amesimama dirishani, amempa mgongo.

"Kwa nini hukusema?" mama akauliza.

Namsifu akaelewa kwamba siri imetoka. "Baba aliniapisha, mama."

"Hata mume wako alipokuuliza mbele ya watu?"

"Hakuniambia kiapo kiishe kikiwa kigumu."

Elinihaki akageuka. Mama akamweleza yote palepale, na nilimwona kaka yangu, jitu zima lenye mikono ya grisi, akipiga magoti sakafuni. Namsifu hakumkumbatia. Alisema tu, "Fungua hilo furushi, ulipange kama lilivyokuwa." Naye akafungua, akapanga nguo moja moja, machozi yakidondoka juu yake.

Kiondo alikuja mchana huo, tayari kwa kikao. Alipoambiwa kwamba kaka yake ni kipofu, na kwamba mtu wa migombani ndiye huyo kaka yake, na shimo ni la kwake mwenyewe, alibaki amesimama uani na kofia mkononi. Alitaka kwenda kwa Namsifu wakati huohuo kuomba radhi. Mama akamzuia.

"Subiri kidogo, shemeji," akamwambia. "Sasa mwenye moto ni yeye."

Alisubiri hadi wiki ya pili, na alipokuja, Namsifu akampokea, akamtilia chai. Baba alipelekwa hospitali, wakamtoa mtoto wa jicho. Jicho moja likarudi, jingine halikurudi. Kuanzia hapo Kiondo ndiye aliyeyasambaza maneno ya mama. Kila palipozuka ugomvi katika ukoo, wa ndoa au wa mpaka, alikuwa wa kwanza kuyasema, na hakuna aliyemcheka, maana kila mtu alijua ameyanunua wapi.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza mama ni neno gani alilolimeza siku ile.

"Malaya, toka," akasema. "Lilikuwa hapa, kwenye meno. Ningelitamka mbele ya ukoo wote, na kesho yake ningejua kwamba nimemtamkia aliyemtoa mume wangu shimoni. Niambie, mwanangu, ningeliokota vipi?"

Basi mwacheni kaka yenu alale kwanza. Kesho aende kwa jirani, aulize mti ulikatwa kwa nini, naye asikilize. Huenda ana haki, huenda hana. Lakini leo asiende. Sufuria ya moto haioshwi, husubiriwa.