Kwa Nini Chemchemi ya Isumba Haifunikwi

Hapo kale, watu wa pande mbili za korongo la Isumba walipokuwa bado wakitembeleana bila kulowesha hata kidole cha mguu, palikuwa na daraja ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Lilikuwa la jiwe jeupe, pana kiasi cha kupitisha ng'ombe wawili sambamba, na aliyelijenga ni maji. Ndiyo, maji. Msinikodolee macho. Mimi pia nilipoambiwa na bibi yangu nilibisha, nikasema maji hubomoa, hayajengi. Akaniambia nifunge mdomo nisikilize, na ninyi nawaambia hivyo hivyo.

Chemchemi hii mnayokuja kuoga ilikuwa ikitoka ardhini ya moto, inatokota mapovu, kisha maji yake yanatambaa wazi juu ya daraja na kudondokea korongoni. Kila yalipopita yaliacha ukoko mweupe, na juu ya ukoko ule ukoko mwingine, hadi ng'ambo mbili zikashikana. Bibi yangu alisema kwamba Mungu alipoyaumba maji ya Isumba hakuyapa mikono. Aliyapa pumzi. Huko chini gizani maji huvuta pumzi yakajaa kifua, na kwa pumzi hiyo huweza kubeba jiwe, yakalificha ndani yao usilione. Yakifika juu kwenye uwazi, pumzi inayatoka, ndiyo yale mapovu. Sasa mchukuzi aliyeishiwa pumzi akiwa na mzigo kichwani hufanya nini? Anautua. Basi nayo maji huutua mzigo wao, na mzigo ni jiwe.

Mtemi wa upande huu aliitwa Siwelwa. Alikuwa na binti mmoja tu, Namwinga, aliyeolewa ng'ambo ya pili. Siku zile desturi ilikuwa kwamba binti akijifungua, yeye ndiye huvuka kumletea baba mjukuu, na baba hainuki kwenye kigoda chake mpaka mtoto awekwe mapajani. Siwelwa alikuwa ameingojea siku hiyo hadi amechoka kuingoja. Mimba za Namwinga zilikuwa zikiharibika moja baada ya nyingine, na watu walikuwa wameanza kumwonea haya mzee, hawataji tena habari za watoto mbele yake.

Pengine ni huzuni hiyo iliyompeleka kwenye kinywaji. Si pombe! Ingekuwa pombe tungesema basi. Kuna mtu aliyemtekea maji ya Isumba kutoka ndani kabisa ya koo la chemchemi, kwenye kibuyu kilichozibwa kizibo, na kilipopoa ndipo Siwelwa akanywa. Maji yakamtekenya ulimi, yakampanda puani, akacheka peke yake. Tangu hapo akayataka kila siku. Akaanza kuona uchungu kila alipoyatazama yale mapovu yakipasuka na kupotea hewani. "Hizi pumzi zinaachwa ziende bure," alisema. "Mwanamke gani hapa kwetu anachemsha maharage bila kifuniko?"

Basi akaamuru chemchemi ifunikwe. Lilikokotwa bamba la jiwe jeusi, likalazwa juu ya koo la maji, kingo zikazibwa kwa udongo wa mfinyanzi hadi pasiwe na pa kupenya hata mdudu. Pembeni wakaunganisha mianzi mirefu, wakaizika kwenye matope ya baridi, ikateremka hadi pale kichwani mwa daraja alipokuwa akiketi kupokea wageni. Huko maji yalitoka baridi, pumzi bado imejaa. Siwelwa alikunywa, akawanywesha wageni, na yaliyobaki yakamwagika chini, yakalilowesha tumbo la daraja usiku na mchana.

Watu walifurahi, tusiwasingizie. Mitungi yao ya maji haikuota ukoko tena. Lakini dada mkubwa wa Siwelwa, bibi mmoja aliyeitwa Nambeye, aliona jambo ambalo halikumpa raha. Siku moja udongo wa kifuniko ulipasuka, wakainua bamba kidogo ili wauzibe. Ndani ya maji palikuwa na kipande cha jiwe jeupe kilichovunjika kwa jembe siku ya kufunika, chenye pembe kali za kukata kidole. Nambeye alikumbuka kwa sababu kilimkata yeye. Sasa kilikuwa kile kile kwa ukubwa, hakikukua wala hakikuisha, lakini pembe zake zilikuwa zimelainika na nyufa zake zimejaa.

Nambeye alirudi nyuma hatua kadhaa akashika kifua. "Hakijapungua, hakijaongezeka," alisema, "na bado si kile! Nani amekuwa akikishika?"

Hakuna aliyekuwa akikishika ila maji yenyewe. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoduwaa nilipokuwa msichana, na nilivyozeeka hivi bado naduwaa. Wote walidhani maji yaliyofunikwa yamelala. Hayakuwa yamelala hata kidogo! Pumzi iliyotoka majini ilikuta bamba, ikarudi majini. Jiwe lililotuliwa hapa lilibebwa pale. Kiasi kilichotuliwa kikawa sawasawa na kiasi kilichobebwa, kama soko ambalo wanaoingia ni wengi kadiri ya wanaotoka. Ukilitazama kutoka mlimani utasema leo hakuna aliyekwenda wala aliyekuja. Utulivu ule ulikuwa kazi tupu ya pande mbili zinazolingana nguvu.

Na ukikuta pande mbili zinalingana hivyo, ogopa kugusa chochote. Ukiiacha pumzi itoke, maji yanaegemea upande wa kutua. Ukiyapasha moto, pumzi inafukuzwa, yanatua vilevile. Ndiyo maana birika zenu zina magamba meupe ndani, msiseme ni uchafu wa mkamwana. Lakini ukiyafungia pumzi yao kisha ukayapoza, yanaegemea upande mwingine. Kifua kimejaa, mzigo hauyatoshi, yanatafuta jiwe lingine la kubeba. Na jiwe lililokuwa karibu na mianzi ya Siwelwa lilikuwa lipi? Lilikuwa daraja.

Juu halikubadilika. Lilikuwa jeupe, pana, zuri, na maji hayakupita tena juu yake kuliongezea hata ukoko mwembamba. Chini lilikuwa linaliwa. Watu walianza kusikia nyayo zao zikilia wanapovuka, mlio wa mtungi mtupu ukigongwa. Nambeye alimwendea mdogo wake akamwambia, "Siwelwa, daraja lina sauti. Zamani halikuwa na sauti."

"Linanishangilia, dada," alijibu Siwelwa, akanywa.

Kisha habari ikaja kwamba Namwinga amejifungua mtoto wa kike, mzima, analia vizuri. Siwelwa alilia mbele za watu bila kujificha. Akaagiza kigoda chake kisuguliwe, kikawekwa pale kichwani mwa daraja, karibu na mianzi, naye akaketi asubuhi na mapema kabla hata ng'ambo ya pili hawajamaliza kunywa uji.

Walipotokea, Namwinga alikuwa mbele, mtoto amembeba mgongoni kwa mbeleko mpya, na wakwe nyuma yake wanaimba. Mama mkwe akataka kumfuata darajani. Namwinga akamzuia kwa mkono, kwa maana desturi ni mama na mtoto wavuke peke yao. Alipokanyaga, daraja likalia. Akaendelea, mlio ukazidi, na wakwe wakaacha kuimba mmoja mmoja.

"Baba," aliita Namwinga, "linatetemeka huku!"

Nambeye akamshika Siwelwa bega. "Inuka ukampokee kule ng'ambo, pitia chini mtoni. Au mwambie arudi. Mdogo wangu, inuka!"

"Baba hainuki kwa binti, inukeni ninyi," alisema Siwelwa. Akainua sauti, na sauti yake ilikuwa ya upendo mtupu, hilo ndilo linaloniumiza. "Njoo mwanangu. Daraja hili lilipitisha ng'ombe wote wa mahari yako. Litashindwa na wewe na kichanga?"

Namwinga akaja, maana baba ameita. Alikuwa amepita katikati, amebakiza kidogo tu, pale mlio ulipokatika ghafla. Alielewa kabla ya wote. Hakupiga kelele. Alifungua mbeleko, akamzungusha mtoto mbele, akamrusha kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye kigoda. Siwelwa aliinuka. Aliinuka akaruka, jamani, mzee yule mwenye magoti mabovu, akamdaka mtoto kifuani. Na nyuma ya mtoto hapakuwa na mtu. Hapakuwa na daraja. Palikuwa na vumbi jeupe linapanda kutoka korongoni, taratibu, na kimya ambacho bibi yangu alisema watu waliokisikia hawakuweza kukisimulia bila kusimama.

Kisha mtoto akalia. Na kwenye mianzi, maji yakaendelea kutoka, baridi, yanametameta kwa mapovu.

Siwelwa alimkabidhi Nambeye mtoto, akapanda hadi kwenye chemchemi, akaling'oa bamba kwa mikono yake. Pumzi ilitoka kwa mngurumo, maji ya moto yakamrukia hadi viwikoni, ngozi ikambanduka, naye hakuacha mpaka bamba likabingirika. Maji yakashika njia yao ya zamani. Kabla jua halijazama, kwenye ukingo uliovunjika, ukoko mwembamba mweupe ulikuwa umeanza kuota tena.

Ukoko ule ndio uliomtia wazimu mzee. Alikaa ukingoni anautazama unavyokua, akasema kama jiwe lililokwenda linaweza kurudi kwa njia ile ile, basi kila kilichokwenda kitarudi. Aliketi pale misimu mingi na mikono yake yenye makovu, anamwita Namwinga kwa jina la utotoni. Jiwe lilirudi, likajisogeza mbele kidogo kidogo mbele ya macho yake. Namwinga hakurudi, na mzee alikufa akiwa ameelekeza uso ng'ambo.

Na tangu siku hiyo chemchemi ya Isumba haifunikwi, si kwa bati, si kwa jani la mgomba, hata mvua ya mawe ikinyesha. Ile midomo miwili myeupe mnayoiona pale korongoni, mmoja kutoka huku na mmoja kutoka kule, ni daraja lile linalojijenga upya, na bado haijakutana. Na tangu siku hiyo, kwetu, binti akijifungua hatoki. Baba ndiye anayeshuka korongoni, analowa mpaka magotini, anapanda ng'ambo ya pili. Akiwa kilema atabebwa, akiwa mtemi atatembea. Akifika mlangoni, binti hutaka kusimama kwa heshima, na baba humwahi kwa maneno ambayo kila baba wa hapa huyajua kabla hajapata mtoto: "Usiinuke, mwanangu. Nimekuja mimi."