Bi Mize Akataa Gari la Mizigo

Sogeeni karibu, leo nitawapa kitu cha kwenda nacho nyumbani. Si zawadi, ni ugomvi. Hadithi hii imeshanikosanisha na dada yangu wa tumbo moja, na mpaka leo tukiigusa chai hupoa mezani. Aliye tayari kugombana na nduguye akae. Asiye tayari akae vilevile, maana mlango nimeshaufunga.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Mize wa Wete, kisiwani Pemba, na watoto wake watatu. Kila mtoto Mungu alimjaalia kitu chake.

Faki, mwanawe mkubwa, alijaaliwa subira. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo Wete, na watu walisema angeweza kumfundisha mbuzi kuhesabu, mradi mbuzi mwenyewe awe na nafasi.

Salma, wa kati, alijaaliwa jicho. Alikuwa muuguzi katika mji wa Linz, huko Austria, na akimtazama mtu anavua viatu tu, ameshajua wapi panamuuma.

Kombo, kitinda mimba, alijaaliwa ulimi. Aliuza vitambaa Darajani, Unguja. Mtu akiingia dukani kwake kuuliza njia, hutoka na mapazia ya sebule nzima.

Sasa, baba yao alifariki, Mungu amrehemu, na mama alipomaliza eda watoto walikutana nyumbani. Hapo ndipo maneno yalipoanza: mama atakaa kwa nani?

"Mimi mkubwa," alisema Faki. "Mama wa watu wote hukaa kwa mkubwa."

"Mtoto wa kike ndiye ajuaye kumtunza mama," alisema Salma. "Nyinyi hata uji hamjui kuukoroga."

"Mimi ndiye wa mwisho kutoka," alisema Kombo. "Niliufunga mlango, kwa hiyo ufunguo ni wangu."

Walibishana hivyo siku kadhaa. Wala msidhani walitaka kumkwepa. Kila mmoja alimtaka kwa moyo wake wote, na tabu ilikuwa hapo. Watoto wasiomtaka mama yao hadithi yao ni fupi, na mimi sihadithii aibu.

Salma akaja na wazo la kuwapatanisha. Akawaalika wote matembezi ya baiskeli kando ya Mto Danubi, kutoka Passau, mpakani mwa Ujerumani na Austria, mpaka Vienna. Akawaeleza kuwa si safari ya mashaka. Njia ni ya lami, tambarare, inakwenda na mto bega kwa bega. Unaendesha mpaka uchoke, unakaa unakunywa kahawa na keki, na jioni ukifika hotelini unakuta begi lako limeshatangulia kwa gari, limekaa chumbani linakusubiri.

"Na mimi?" akauliza Bi Mize. "Mimi sijui baiskeli."

Salma akajibu haraka, bila kufikiri. "Wewe mama usijali. Utapanda lile gari la mizigo."

Bi Mize akajitengeneza mtandio. Nyote mnajua mama akijitengeneza mtandio kinachofuata ni nini.

"Nimebeba mimba tatu," akasema Bi Mize. "Nimewabeba mgongoni, nimewabeba kiunoni, nimewabeba kichwani mwangu usiku na mchana. Leo mimi ndiye begi?"

"Mama, sikukusudia..."

"Nyamaza. Namwekea Mungu nadhiri. Mto huo nitaufuata juu ya baiskeli, miguu yangu mwenyewe ikikanyaga, mwanzo wa safari mpaka mwisho. Na atakayeniwezesha kufika, huyo mmoja, kwake ndiko nitakakokaa mpaka nife. Wengine watakuja kunisalimu."

Nadhiri si maneno ya kutolewa kwa hasira, lakini hasira nazo haziulizi. Neno likishatoka, limetoka. Na Bi Mize hakuwa mtu wa kuvunja neno lake. Hata wanawe hakuna aliyethubutu kumwomba alirudishe.

Basi sikilizeni alichofanya kila mmoja, na msikilize vizuri, maana mwisho nitawauliza.

Faki alianza wakati wakisubiri viza. Kila alasiri alimpeleka mama kwenye uwanja wa mpira, akamkalisha juu ya baiskeli, akashika kiti kwa nyuma, akakimbia. Bi Mize alianguka kulia, akaanguka kushoto, siku moja akaanguka hata baiskeli ikiwa imesimama. Majirani walikuja na vigoda vyao kutazama. "Bi Mize huyo!" wakacheka. "Ujane umemwingia kichwani!" Faki hakuwajibu, wala hakumharakisha mama. Alichomwambia ni kimoja tu, "Tazama mbele, mama, usitazame gurudumu," na alikisema kwa sauti ile ile siku ya kwanza na siku ya mwisho.

Alasiri moja alikimbia naye nusu uwanja, kisha akaachia kiti kimyakimya. Mama akaenda, akazunguka goli, akarudi. Alipomwona mwanawe amesimama mbali, mikono mitupu, alipiga ukelele akaanguka kwa mara ya mwisho. Hakusema naye mpaka magharibi. Lakini kutoka hapo alikuwa mwendesha baiskeli, na vigoda vikarudishwa majumbani.

Hiyo ndiyo kazi ya Faki. Bila yeye, Bi Mize angefika Passau akiwa begi.

Salma kazi yake ilikuja njiani. Siku ya kwanza kutoka Passau ilikuwa tamu. Mto ulikuwa mpana na mtulivu, milima ya msitu huku na huku, na swala ya adhuhuri waliiswali kwenye majani ya ukingoni huku bata wakiwatazama. Walivuka kwa kivuko kidogo kinachobeba watu na baiskeli zao, na Bi Mize akamsalimu nahodha kwa Kiswahili. Nahodha akamwitikia kwa Kijerumani, kila mmoja akaridhika.

Lakini jioni, hotelini, Salma alimwona mama akipanda ngazi. Alikuwa anaweka mguu wa kulia kwanza kila kipandio, wa kushoto akiuvuta nyuma. Mama hakulalamika. Angelalamika kwa nani, naye ndiye aliyeweka nadhiri? Salma hakuuliza. Alimpigia simu mwenye baiskeli walizokodi, na asubuhi goti la kushoto lilipoamka limevimba, nje ya hoteli kulikuwa na baiskeli nyingine, ya umeme, kiti chake kimeshapimwa kwa kimo cha Bi Mize. Buibui lake nalo Salma alikuwa amelipasua na kulishona upya, lisishikwe na mnyororo.

Bi Mize akaizunguka ile baiskeli. "Hii ina jini."

"Ina betri, mama."

"Itanibeba? Nikibebwa nadhiri imevunjika."

"Haikubebi. Usipokanyaga, haiendi hata hatua. Ukikanyaga, inakusaidia."

Mama akapanda, akakanyaga, ikaenda. Akaacha kukanyaga, ikasimama. Akajaribu tena na tena, akiitega. "Basi hili ni jini lenye adabu," akasema. "Halianzi kazi mpaka uanze wewe."

Hiyo ndiyo kazi ya Salma. Bila yeye, goti lingemrudisha Bi Mize garini, na gari mnalijua.

Kombo mpaka hapo hakuwa na kazi. Alikuwa anaendesha, anakula keki, anapiga picha. Nduguze walianza kuamini yeye ameshatoka mashindanoni.

Basi walikuwa wamepita Linz, wamefika kwenye mashamba ya mizabibu na miaprikoti yanayopanda vilimani, pahala pazuri kuliko pote pa safari ile. Hapo wakapishana na mzee na mkewe, Wazungu wa huko, juu ya baiskeli moja ya watu wawili. Mzee mbele, bibi nyuma, wanakanyaga pamoja. Bibi akawapungia mkono, wakapita.

Bi Mize akafunga breki. Akashuka, akailaza baiskeli kwenye majani, akakaa chini, akalia. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko, kwa sababu siku ya maziko nyumba ilikuwa imejaa watu wa kupikiwa.

"Basi," akasema. "Liiteni gari la mizigo. Nitatoa kafara ya nadhiri yangu. Sitaki tena."

Faki akamwambia, pole pole, kuwa atazame mbele. Hakusikia. Salma akapima goti, akapima mapigo ya moyo. Havikuwa na kasoro. Ndipo Kombo alipowaambia nduguze, "Tangulieni kidogo," akakaa kando ya mama na aprikoti mkononi, tunda dogo la mashamba yale. Akaipasua, akampa nusu, asiseme kitu. Mtu wa ulimi akinyamaza, jua ulimi uko kazini.

Kisha akasema, "Mama, unakumbuka baba na mashimo ya njia ya Konde?"

Mama akajipangusa pua. "Sitaki kukumbuka."

"Wewe umekaa kwenye keria nyuma, umeshika kikapu. Yeye mbele anapiga mluzi. Shimo hilo! Analiingia lote, tuu! Halafu baada ya shimo ndipo anasema..."

"Shika!" akasema mama, na kicheko kikamtoka katikati ya kilio. "Siku zote baada ya shimo! Maisha yangu yote na mtu yule, sijaambiwa 'shika' kabla ya shimo hata mara moja!"

Wakacheka mpaka Kombo akaangusha aprikoti yake. Kicheko kilipokwisha, Bi Mize akatazama mto. "Unajua, mwanangu, dunia yote nimeiona kutoka keria. Baba yenu alinipeleka sokoni, harusini, hospitali kuwazaa nyinyi. Nilimpenda. Lakini nilichokiona njia nzima ni mgongo wake."

"Na mbele kulikuwa na nini?"

"Sijui. Mgongo ulikuwa mpana."

Kombo akaiinua baiskeli kutoka majanini. "Basi nenda ukatazame."

Na akaenda. Hiyo ndiyo kazi ya Kombo. Bila yeye, Bi Mize angekuwa na mafunzo, na goti, na betri, na bado angeishia garini.

Kutoka hapo hakukaa tena katikati kama walivyokuwa wakimweka. Alishika mbele. Watoto wake watatu, wote watu wazima, walimfuata nyuma wakihema, na kila palipokuwa na shimo au mzizi wa mti uliovunja lami, walisikia sauti yake ikiwajia mapema, "Shika!" Faki alisema baadaye kwamba alilia kidogo huko nyuma, akasingizia upepo.

Hivyo ndivyo walivyoingia Vienna. Mwenye baiskeli alikuwa anawasubiri karibu na daraja, na kando yake lile gari, mabegi ndani. Bi Mize akashuka mwenyewe, akalisogelea, akagonga bati lake mara mbili kama mtu anayempigapiga mgongoni ng'ombe aliyemshinda. Akasema, "Alhamdulillahi. Nadhiri imetimia. Haya, ni nani?"

"Mimi niliyekufundisha," akasema Faki. "Asiyejua kuendesha, kutibiwa goti na kuliwazwa kungemfaa nini?"

"Alikufundisha kuzunguka uwanja," akasema Salma. "Kufika ni jambo jingine. Aliyekutoa kwenye maumivu ndiye aliyekufikisha."

"Mguu ulipona, baiskeli ilikuwepo, na mama alikuwa ameshaliita gari," akasema Kombo. "Wakati huo nyinyi mlikuwa wapi? Nilibaki mimi na nusu ya aprikoti."

Bi Mize aliwasikiliza mpaka mwisho. Mkono wake bado ulikuwa kwenye usukani, na mwenye baiskeli, maskini, alikuwa anangoja arudishiwe mali yake.

"Nilisema mmoja," akasema, "na mbele ya Mungu sitasema wawili. Lakini mimi mama yenu siwezi kumtaja. Nikimtaja mmoja, nimewaambia wawili kuwa hawakunifikisha, na huo utakuwa uongo. Kawaulizeni watu wasionijua. Watakalolisema nitalifuata."

Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Najua mtakachosema. Mwenye haraka atasema mama azungushwe, miezi kwa huyu, miezi kwa yule. Kombo alilisema hilo pale pale darajani, na mama akamtazama. "Kinachozungushwa nyumba kwa nyumba ni mzigo," akamwambia, na jambo hilo likafa. Mwingine atasema amefika kwa miguu yake, basi akae peke yake Wete. Mimi nilisema hivyo. Dada yangu akaniuliza kama nimewahi kumwona mama anayekula chakula cha jioni peke yake, na tangu hapo chai yetu haijawa moto.

Figa moja haliinjiki chungu, wazee walishasema. Mafiga yalikuwa matatu, ukiliondoa moja wali umemwagika. Lakini Bi Mize anataka aambiwe ni figa lipi lililopika, naye sasa hivi amekaa Linz sebuleni kwa Salma, begi lake halijafunguliwa, kwa sababu hataki Faki na Kombo wadhani ameshachagua. Salma hupita karibu na begi lile kila siku, halifungui. Faki hupiga simu kila alasiri, saa zile zile walizokuwa wakienda uwanjani. Kombo ameacha kusema sana, na wateja wake wanatoka dukani mikono mitupu.

Mama anasubiri neno lenu. Aliyemfundisha, aliyemwona, au aliyemwinua: begi lile likafunguliwe nyumba ya nani? Na wewe uliyekaa pale mwisho, uliyenyamaza tangu nianze, wewe ndiye nitakayekuuliza kwanza, kwa sababu nakujua, na najua una mama: ungeamua vipi?