Kanga, Tumbili na Zawadi za Ng'ambo

Hodi, hodi, hadithi iko mlangoni!

— Ipite, tumeitengea kiti!

Imetoka mbali, ina vumbi!

— Ikae, tutaipangusa!

Haya. Na wewe uliyekaa karibu na moto, acha kutafuna mahindi kwa kelele, maana hadithi hii inataka masikio yote mawili.

Zamani, zamani sana, wakati wanyama walipokuwa na wenyeviti na makamu wenyeviti na mikutano isiyokwisha, kulikuwa na bonde moja lililoitwa Bonde la Migunga. Nyasi zilikuwepo, maji yalikuwepo, na pembeni kulikuwa na kichaka kikubwa cha miiba ambamo hakuna mwindaji aliyethubutu kuingia. Mwenyekiti wa bonde alikuwa Nyati. Makamu wake alikuwa Pundamilia. Lakini walioamka mapema kuliko wote, wale ambao bila wao bonde zima lingekwisha kuliwa, walikuwa Kanga na Tumbili.

Hao ndio waliokuwa watangazaji. Kanga alitembea chini na vifaranga wake, akaona yale yanayotambaa majanini. Tumbili alikaa juu ya mgunga mrefu, akaona yale yanayotoka mbali. Na bonde lilikuwa na sheria, sheria ya sauti mbili. Mmoja akipiga kelele, wanyama wanainua vichwa tu. Wa pili akiitikia, hapo ni mbio, hakuna kuuliza, wote kichakani.

Kwa nini sauti mbili? Kwa sababu huko nyuma walikuwa wakikimbia kwa sauti moja. Mtu akishtuliwa na kivuli chake mwenyewe, bonde zima linatimka na watoto wanakanyagwa. Basi wakakubaliana kwamba mmoja aseme na mwingine athibitishe. Sheria hiyo ilifundishwa kwa ndama, ikafundishwa kwa watoto wa swala, ikafundishwa hata kwa kifaranga aliyetoka kwenye yai jana.

Kanga alikuwa hodari, hilo hatumnyimi. Alikuwa na macho makali, na sauti yake ya kukwaruza ilifika hadi mlimani. Ila alipenda kusifiwa, jamani, alipenda kusifiwa! Ukimsifu asubuhi, anatembea kwa maringo mpaka jioni.

Basi siku moja maji ya mto yakapungua, akavuka mgeni kutoka ng'ambo. Mgeni huyo alikuwa Mbweha. Mkia ameuchana vizuri, maneno yake laini, na mkononi ana kapu.

Kwanza akaenda kwa Kanga. Akampa kumbikumbi walionona, akamwambia kwamba kule ng'ambo jina lake linatajwa kila siku, na kwamba hiki ni kidogo tu cha shukrani, hadai kitu. Kanga akala. Alipokuwa anammeza wa mwisho, Mbweha akashusha sauti, akasema anasikitika kumwambia, lakini Tumbili anapita akimwita mropokaji wa nyasini. Kanga akapaliwa.

Pili akaenda kwa Tumbili. Akampa tini zilizoiva, akamwambia kwamba ng'ambo hawajaona macho kama yake. Tumbili akala. Naye akaambiwa kwa sauti ya chini kwamba Kanga anapita akisema Tumbili hulala juu ya mti, akisikia kelele huitikia tu apate kuonekana yuko kazini. Tumbili akatupa tini chini kwa hasira, kisha akashuka akaiokota akaimaliza.

Tatu akaenda kwa wakubwa. Nyati akapewa jiwe la chumvi nyeupe la kulamba, akaambiwa Makamu anakitaka kiti chake. Pundamilia akapewa jiwe la chumvi nyeupe la kulamba, akaambiwa Mwenyekiti anataka kumfukuza. Kila mmoja akaombwa alilambe jiwe lake faraghani, maana ni zawadi ya rafiki kwa rafiki.

Sasa tazameni mambo yalivyokwenda. Kanga akitangaza mvua inakuja, Tumbili anatangaza jua. Kanga akisema nyasi nzuri ziko kusini, Tumbili anasema ziko kaskazini. Kanga akisema habari za asubuhi, Tumbili anauliza asubuhi ipi hiyo. Ikafika mahali Tumbili hasubiri hata kusikia. Kanga akifungua mdomo tu, yeye ameshapinga.

Na wakubwa wakajigawa. Upande wa Nyati ulimsikiliza Kanga peke yake. Upande wa Pundamilia ulimsikiliza Tumbili peke yake. Ndugu waliokula pamoja miaka yote wakaanza kupeana migongo wakinywa maji. Na kila siku Mbweha alivuka na kapu lake, akimwambia kila mmoja asirudi nyuma, aendelee hivyo hivyo, ng'ambo wote wanamuunga mkono. Kanga akanenepa. Akaamini kwamba anapigania ukweli.

Asubuhi moja Kanga akamwona Chatu amejikunja penye majani marefu. Akapiga kelele, "Keche-keche-keche! Majani yana macho!" Wanyama wakainua vichwa. Wakasubiri sauti ya pili. Juu ya mgunga Tumbili akacheka, akasema huyo ameanza tena. Vichwa vikarudi chini. Chatu akamchukua mtoto wa Swala.

Mnajua Kanga alihisi nini? Nitawaambia, hata kama haipendezi. Alifurahi. Si kwa ajili ya mtoto, la, kwa ajili ya kushinda. Siku nzima alizunguka bondeni akitangaza kwamba yeye alisema, yeye aliona, na damu ile iko juu ya Tumbili. Upande wa Nyati ukampigia makofi.

Jioni Mama Swala akaja. Kanga akajipanga kupokea shukrani. Mama Swala akasimama mbele yake, macho yamevimba.

"Mwenzangu," akasema, "ulisema kweli. Na mwanangu amekufa vilevile."

Akageuka akaenda zake. Kanga akabaki pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu mgeni aje, akaona haya. Aliwatazama vifaranga wake waliokuwa wakidonoa miguuni pake, akajiuliza kama siku moja itakuwa zamu yake kulia.

Kesho yake Mbweha alichelewa na kapu. Kanga akawaacha vifaranga katikati ya malisho, kati ya miguu ya nyumbu na swala, mahali alipoona pana usalama kuliko pote. Akashuka mtoni kumwangalia mgeni wake, maana alitaka kumuuliza mambo mawili matatu. Akapenya majanini taratibu. Akafika ukingoni. Akasimama ghafla, mguu mmoja hewani.

Ng'ambo ya pili walikuwa mbwa mwitu, kundi zima, ndimi nje, mbavu zinahesabika. Mbweha alikuwa mbele yao, mkia juu, anawaonyesha kivuko.

Mmoja wao akauliza vipi kuhusu yule ndege mwenye kelele.

"Mwacheni apige kelele," Mbweha akajibu. "Nimewalisha wote wawili. Akilia peke yake, hakuna atakayekimbia."

Mbwa wakaingia majini.

Kanga akageuka! Akakimbia kwa miguu, akaruka kwa mbawa, akaanguka, akakimbia tena, unene wote ule wa kumbikumbi ukimlemea. Akatokea malishoni akipiga kelele ambayo hajawahi kuipiga maishani mwake. "Keche-keche-keche! Ng'ambo wamevuka! Ng'ambo wamevuka!"

Vichwa vikainuka bonde zima. Nyati akainua kichwa. Pundamilia akainua kichwa. Mama Swala akainua kichwa. Wakasimama, wakasubiri.

Juu ya mgunga Tumbili alikuwa amekaa, mgongo ameuelekeza mtoni, anamenya tini. "Uongo," akasema, wala hakugeuka.

Kanga akalia tena. Tumbili akasema uongo tena. Kanga akalia mara ya tatu, sauti ikamkauka, na vichwa vikaanza kurudi chini kwenye nyasi.

Akawakimbilia vifaranga wake. Akawaambia wakimbie, kichakani, upesi, wakimbie! Na vifaranga, wale aliowafundisha yeye mwenyewe, hawakukimbia. Walisimama pamoja, shingo zimenyooshwa, wanamtazama Tumbili. Walikuwa wanasubiri sauti ya pili, kama mama yao alivyowafundisha.

Hapo Kanga akaelewa kitu alichokifanya. Moyo ukamwenda mbio kuliko miguu. Angewabeba wawili, wengine je? Upande wa mtoni majani yalianza kutikisika.

Ndipo akafikiri. Huyu Tumbili nikisema mvua anasema jua. Nikisema kusini anasema kaskazini. Kanga akavuta pumzi. Akapanda juu ya kichuguu mahali ambapo kila mtu anamwona, akakunja mbawa zake vizuri, akatangaza kwa sauti tamu ya mtu aliyeshiba:

"Amani, ndugu zangu! Nilikosea. Huko mtoni hakuna kitu. Kuleni mshibe!"

Tumbili akaruka juu ya tawi. Hakufikiri. Hakutazama. Mdomo ulitangulia.

"Krra! Krra! Mwongo huyo!" akapaza sauti. "Hatari! Mtoni kuna hatari!"

"Hatari!" Kanga akadakia papo hapo.

Sauti mbili!

Lo! Mngeona vumbi! Bonde zima likaondoka kwa mkupuo mmoja. Nyati aliondoka, Pundamilia aliondoka, swala waliruka juu ya vichwa vya nyumbu, na vifaranga wa Kanga, mbele ya wote, walikimbia kwa vijiguu vyao mpaka huwezi kuviona. Tumbili alibaki juu akifungua mdomo apinge tena. Akageuza shingo kuelekea mtoni ili apate la kupinga. Akawaona. Mdomo ukabaki wazi, kisha kikatoka kilio cha kweli, na wale waliokuwa wamechelewa wakaongeza mbio, naye akawafuata kichakani tawi kwa tawi.

Mbwa mwitu walipofika malishoni walikuta nyasi zilizolala na vumbi linalotua. Walizunguka kichaka, wakachomwa na miiba puani, wakarudi. Wana njaa, wamelowa, wameahidiwa nyama. Wakamtazama aliyewaahidi. Mbweha akaanza kueleza, na alieleza vizuri sana, kwa maneno laini, huku akirudi nyuma hatua kwa hatua, kisha akatimua mbio na kundi lote likamfuata. Kapu lake liliokotwa baadaye kivukoni, yeye hajaokotwa mpaka leo.

Ndani ya kichaka wanyama walibanana, bega kwa bega, pua kwa pua, kama hawajabanana kwa muda mrefu. Na walipopata pumzi tu, wakaanza! Upande wa Nyati ukasema Kanga ametuokoa. Upande wa Pundamilia ukasema aliyeita hatari kwanza ni Tumbili, masikio yetu hayana kasoro. Tumbili akasema ndiyo, ni yeye. Sauti zikapanda. Pembe zikainama.

Nyati akamsogelea Makamu wake uso kwa uso amfokee. Akasita. Pua nyeusi ya Pundamilia ilikuwa na ukungu mweupe wa chumvi, pembeni mwa midomo, pale ulimi usipofika. Pundamilia naye akaona weupe huo huo kwenye pua ya Nyati. Wakatazamana kwa muda. Kila mmoja akapitisha ulimi kujifuta, lakini wote walikuwa wameshaona.

Ndipo Kanga akapita katikati, vifaranga wamemganda ubavuni.

"Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu," akasema, "msigombanie kunisifu. Mbweha aliyetulisha sote ndiye aliyewaonyesha mbwa kivuko. Jana nilisema kweli, mtoto wa mwenzangu akafa. Leo nimesema uongo, wangu wakapona. Mimi ni mtangazaji. Niambieni, kesho niseme nini?"

Nyati alitazama chini. Pundamilia alitazama pembeni. Mama Swala alikuwa analia, na Kanga naye akaanza kulia, maana kilio alichomcheleweshea mwenzake kilikuwa kimemfikia.

Tumbili akashuka kutoka kwenye tawi. Akashuka mpaka chini kabisa, kwenye vumbi, karibu na Kanga.

"Sema ulichokiona, Bi Kanga," akasema. "Mimi nitatazama kwanza, ndipo nifungue mdomo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wawili hao hawakuwa marafiki wakubwa, nisiwadanganye. Waliendelea kubishana kuhusu mvua na jua, na mengine walibishana mpaka wenzao wakaziba masikio. Lakini mmoja akilia, mwenzake aligeuza shingo akatazama. Na tangu siku hiyo, mgeni akija bondeni na kapu, anaambiwa alifungulie uwanjani mbele ya wote, na kila mtu anaona nani kapewa nini. Wengi wamerudi na makapu yao bila kuyafungua.

Basi wanangu, funzo ni hili. Wakubwa na watangazaji wao wakikubali kulishwa faraghani na mtu wa nje, watagombana mpaka ukweli ukose wa kuuitikia, na watakaoliwa ni watoto waliokuwa wakisubiri kuambiwa wakimbie. Anayekusifu kila siku na kukuchonganisha na mwenzako kila siku, muulize anavuka lini na anakuja na nani.

Hadithi imeinuka, inachukua fimbo yake!

— Tuisindikize!

Mpaka wapi?

— Mpaka kwa jirani, naye aisikie!